Baridi au Dawa, Kuzika au Kuchoma, Sanda au Jeneza: Ulinganisho kwa Familia Iliyofiwa

Msiba unapoingia, swali la kwanza huwa "Tunazika lini?", na mara nyingi hujibiwa kwa kuhesabu ndugu walio safarini. Jibu hilo hubeba mengi kuliko linavyoonekana. Ndilo linaloamua mwili utahifadhiwa vipi, kama uso utaonekana siku ya kuaga, jeneza litakuwa la namna gani, na fedha ngapi zitatoka. Kuzika ndani ya saa 24 na kuzika baada ya siku kumi ni kazi mbili tofauti, ingawa zote huitwa mazishi. Pangeni siku kwanza, kisha mengine yote yapimwe kwa siku hiyo.

Jambo la pili la kuweka mbele ni yale yasiyorudi nyuma. Mwili uliotiwa dawa hauwezi kutolewa dawa. Mwili uliochomwa hauwezi kuchunguzwa tena. Jeneza baya linaweza kubadilishwa asubuhi ya mazishi, lakini hayo mawili hayabadilishwi. Uamuzi wake usiachiwe kijana mmoja aliyesimama kwenye dirisha la chumba cha maiti huku karani akimsubiri aweke saini.

Maneno yanayochanganya watu

Neno "kuhifadhi" lina hatari kuliko yote. Kwa mmoja ni kuweka mwili kwenye jokofu. Kwa mhudumu wa chumba cha maiti huenda likawa ni kutia dawa. Na wengine wakisema "tumemhifadhi" wana maana ya kwamba wamekwisha kumzika. Familia inasema "mhifadhini mpaka Jumamosi" ikimaanisha baridi tu, inarudi na kukuta sindano imeshapita. Ulizeni na jibuni kwa maneno kamili: "kwa baridi peke yake" au "kwa baridi na dawa", na iandikwe kwenye fomu.

"Jeneza" nalo lina sura mbili. Kwa Waislamu wengi ni kitanda cha kubebea: mwili ukishashushwa kaburini, jeneza hurudi msikitini. Kwa Wakristo ni sanduku linaloingia ardhini. Katika familia yenye dini zote mbili, mtu akiuliza kwa simu "jeneza lipo?", mmoja anauliza la kuazima na mwenzake anasikia la kununua. Semeni "la kubebea" au "la kuzikia".

Maziko ni tendo la kuzika. Matanga ni zile siku za kukaa msibani, na bajeti yake ni nyingine kabisa. Kibali cha kuzikia ndicho kinachohitajika makaburini, lakini cheti cha kifo ndicho kitakachotakiwa benki, kwenye mirathi na kwenye mafao. Kuwa na kimoja hakumaanishi mnacho cha pili. Na mkizungumza na wafiwa, "maiti" ni neno la kazi, la fomu na la fundi. Mbele ya watoto wa marehemu semeni "mzee", "mama", au "mwili wa marehemu".

Saa mbili za mwanzo, kabla ya uchaguzi wowote

Njia yoyote mtakayoichukua, kuna mambo yanayofanyika mapema au yasifanyike kabisa. Mwili huanza kukakamaa kati ya saa 2 na 6 baada ya kifo, ukianzia kwenye kope na taya, na hukakamaa wote ikifika kama saa 12. Kwa hiyo macho yafumbwe mapema, kidevu kifungwe kwa kitambaa kinachozunguka utosini, mikono na miguu inyooshwe. Mlazeni chali na muweke mto chini ya kichwa. Damu isiyotembea hutuama sehemu ya chini, na kichwa kikilala chini kuliko kifua, uso na masikio huweka wekundu mzito unaogeuka zambarau. Hilo halisafishiki baadaye, wala kwa maji wala kwa poda. Pete zivuliwe wakati huo huo, kabla vidole havijavimba. Kama kifo kimetokea ghafla, kwa ajali au katika mazingira yasiyoeleweka, msiguse chochote mpaka polisi au daktari aseme.

Baridi au dawa

Hapa ndipo familia nyingi hupotea, kwa sababu chaguo hizi mbili huonekana kama daraja la chini na la juu la huduma moja. Sivyo. Zinafanya kazi tofauti mwilini.

Baridi ya nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi hupunguza kasi ya vijidudu na vimeng'enya, ila haivizimi. Mwili unabaki kama ulivyo na unaendelea kubadilika taratibu. Ukiingia jokofuni mapema, wiki moja au mbili huwa salama kwa kuaga. Ukichelewa nje kwa saa nyingi kwenye joto, baridi itapunguza tu kasi kuanzia pale hali ilipofikia, haitairudisha nyuma. Dalili ya kuchelewa ni doa la kijani chini ya tumbo upande wa kulia, mahali utumbo mpana unapoanzia. Kwa kawaida hutokea baada ya siku moja au moja na nusu, na kwenye joto kali huja mapema zaidi.

Dawa, ambayo msingi wake ni formalini, hufanya jambo jingine: hushika protini za mwili na kuzifunga pamoja hadi nyama inakuwa ngumu na vijidudu vinakosa chakula. Fundi hufungua mishipa mikubwa ya shingoni, husukuma dawa kwenye ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) na kuiacha damu itoke kwenye vena (mshipa unaoirudisha). Kwa mtu wa kilo 70 hutumika kama lita 10 hadi 12 za dawa iliyokwisha kuchanganywa na maji. Kisha huingiza bomba lenye ncha tumboni na kifuani, hunyonya maji na hewa, na kumwaga dawa kali humo ndani. Kazi nzima ni kama saa mbili. Mwili uliopasuliwa kwa uchunguzi huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu mishipa imekatwa na dawa lazima iingizwe kwa vipande: kila mkono, kila mguu, na pande mbili za kichwa.

Kwa kuwa dawa hugandisha, sura hupangwa kabla haijaingia. Mdomo ukiachwa wazi kidogo wakati wa kusukuma dawa, utabaki wazi hivyo hadi kaburini. Ndiyo maana inafaa kumpelekea fundi picha ya marehemu, iliyopigwa karibuni na akiwa ametulia, kabla ya kazi kuanza. Picha inayoletwa asubuhi ya kuaga imechelewa.

Yanayoharibika yana sababu zake. Uso ukivimba, msukumo ulikuwa mkubwa au wa haraka. Vidole vya miguu au upande mmoja wa mkono ukigeuka kijani wakati mwili mwingine uko sawa, dawa haikufika huko: damu iliyoganda ilizuia njia, na fundi hakukanda kiungo wala hakufungua mshipa wa pili. Ngozi ikiwa kahawia na kavu kama ngozi ya kiatu, dawa ilikuwa kali mno. Na mtu aliyefariki akiwa na manjano, macho na ngozi njano, anaweza kugeuka kijani baada ya formalini ya kawaida, kwa sababu ile rangi ya njano hubadilika kikemikali na kuwa ya kijani. Mwambieni fundi mapema kama marehemu alikuwa na ugonjwa wa ini. Kuna namna ya kuchanganya dawa kwa hali hiyo.

| Jambo | Baridi peke yake | Dawa |
|---|---|---|
| Muda unaofaa | Siku chache hadi kama wiki mbili, ukiingizwa mapema | Wiki kadhaa, kwa kazi iliyofanywa vizuri |
| Malipo | Kwa siku | Mara moja, lakini siku za kukaa chumbani huweza kuhesabiwa juu yake |
| Uchunguzi wa baadaye | Unawezekana | Vipimo vya sumu na dawa huvurugika |
| Kuosha na kusitiri kidini | Hakuna kizuizi | Waislamu na Wayahudi huikwepa isipokuwa sheria au safari ikiilazimisha |
| Kuaga kwa saa nyingi nje ya jokofu | Hapafai kwenye joto | Panafaa |
| Hatari kwa anayeshughulika | Ndogo | Mvuke wa formalini. Unahitaji glavu, barakoa na hewa ya kutosha |

Mstari wa mwisho wa jedwali usipuuzwe. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka formaldehidi, kemikali iliyo ndani ya formalini, katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mtu anayekuja nyumbani na chupa na sindano kutia dawa chumbani, madirisha yakiwa yamefungwa na watu wamejaa, anawahatarisha walio hai.

Kujua kipi ni nafuu, gawanyeni bei ya dawa kwa bei ya siku moja ya jokofu. Mkipata sita, maana yake baridi ni nafuu mpaka siku ya sita. Lakini ulizeni kwanza kama mwili uliotiwa dawa utatozwa pia kila siku unapokaa pale. Mara nyingi unatozwa, na hapo hesabu yote hugeuka.

Baridi nayo ina makosa yake. Mwili ukitolewa jokofuni kwenye hewa yenye joto hutoa unyevu, kama glasi ya maji baridi mezani. Ukivishwa papo hapo, nguo nyeupe hulowa na poda ya uso huchuruzika. Utolewe mapema, ufutwe, uachwe kidogo, ufutwe tena, ndipo uvishwe. Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe funguliwe. Na msikubali mwili ugandishwe kwa nyuzi chini ya sifuri kama mazishi ni ya wiki hii: kuyeyuka kwake huchukua siku, nje hulainika ndani bado ni barafu.

Shauri letu ni kwamba mkizika ndani ya siku tano na jokofu linaaminika, dawa haina kazi ya kufanya. Tumieni dawa kwa sababu inayotajika: safari ya ndege inayoidai, kungoja kwa wiki, au kuaga kwa siku nzima mahali pasipo na ubaridi. Na kama kuna shaka yoyote kuhusu chanzo cha kifo, dawa ingoje mpaka daktari wa uchunguzi amalize.

Kuzika au kuchoma

Kwa wengi dini imeshajibu. Uislamu haukubali kuchoma, vilevile Uyahudi wa kiorthodoksi na Kanisa la Kiorthodoksi. Wahindu, Masingasinga na Wabudha wengi huchoma. Kanisa Katoliki liliruhusu mwaka 1963, ingawa lilisisitiza kwamba linapendelea kuzika. Mwaka 2016 likafafanua kwamba majivu yawekwe mahali patakatifu, yasitawanywe wala kugawanywa kati ya ndugu. Wakatoliki wengi wanajua nusu ya kwanza tu ya habari hiyo, wakifika kwa padri na mpango wa kutawanya majivu baharini wanakwama.

Palipo na hiari, linganisheni hivi. Kuchoma hufanyika kwenye tanuri la nyuzi 760 hadi 980 hivi za Selsiasi, kwa saa moja na nusu hadi tatu kutegemea mwili na jeneza. Kinachobaki ni mifupa mikavu, ambayo husagwa baada ya vyuma kutolewa. Kwa mtu mzima hupatikana kama kilo 2 hadi 3, zinazoingia kwenye chombo cha lita 3 hivi. Mlioandaa kikopo cha mapambo cha lita moja mtarudi nyumbani na theluthi mbili za majivu kwenye mfuko wa plastiki, na hakuna mfiwa anayestahili hilo.

Kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo lazima kitolewe kabla, kwa sababu betri yake hulipuka ndani ya tanuri. Mjazaji fomu asiyejua mgonjwa aliwekewa kifaa hicho anahatarisha wafanyakazi. Ulizeni mjane au mgane, tazameni kovu kifuani, chini ya mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega. Mikanda ya ngozi, viatu vya mpira, chupa na simu visiwekwe ndani ya jeneza. Jeneza la kuchomea liwe la mbao au kadibodi ngumu, pasipo chuma kizito wala rangi nzito.

Kwa upande wa makaratasi, kuchoma huhitaji zaidi, kwa kuwa ushahidi unapotea moja kwa moja. Mamlaka nyingi hudai idhini ya ziada ya daktari au mchunguzi wa vifo, na nyingine huweka muda wa kungoja. Msidhani kuchoma ni haraka kuliko kuzika kwa sababu tu hakuna shimo la kuchimba.

Kwa upande wa fedha, kuchoma huondoa kaburi, na kwenye miji yenye uhaba wa ardhi hilo ndilo fungu kubwa. Tena kaburi la mjini mara nyingi hukodishwa. Singapore, kwa makaburi yake ya umma, iliweka kikomo cha miaka 15 tangu 1998. Uholanzi sheria hulinda kaburi kwa miaka isiyopungua 10. Ugiriki mifupa hufukuliwa kwa kawaida baada ya miaka mitatu. Japani karibu kila mwili huchomwa. Kabla ya kusaini, ulizeni: tumenunua au tumekodi, kwa miaka mingapi, nani ataarifiwa muda ukikaribia, na kwa anwani ipi? Familia huhama, barua hurudi, kaburi hupewa mwingine.

Kuzika nako kuna faida ambayo haiandikwi kwenye ankara: pana mahali. Watoto watakuwa na pa kwenda. Majivu yaliyotawanywa hayana anwani, na majuto ya namna hiyo huja baada ya miaka, si wiki ile. Mkiamua kuchoma, fikirieni kuyazika majivu kwenye kaburi dogo au ukuta wa majivu badala ya kuyatawanya. Kwa safari, majivu ni mepesi kupita kiasi ukilinganisha na mwili: mwili kwa ndege huhitaji sanduku lililozibwa lisipitishe hewa wala maji, aghalabu lenye bati la zinki ndani, cheti cha dawa na vibali vya nchi mbili. Majivu huhitaji cheti cha kuchoma na chombo ambacho mashine ya ukaguzi inaweza kuona ndani yake; cha chuma huzuiwa uwanjani.

Zipo njia mpya. Askofu Mkuu Desmond Tutu, aliyefariki Desemba 2021, mwili wake uliyeyushwa kwa maji moto yenye alkali, na masalia yake yakazikwa ndani ya Kanisa Kuu la St George's, Cape Town. Jimbo la Washington, Marekani, lilipitisha sheria ya kuugeuza mwili kuwa udongo mwaka 2019. Mahali pengi hazijaruhusiwa. Anayetaka kutoa mwili wake kwa chuo cha udaktari naye aache mpango wa pili kwa maandishi, maana chuo huweza kuukataa mwili uliopasuliwa, uliokuwa na maambukizi au uliochelewa, na familia ikajikuta haina mpango saa hiyo.

Sanda au jeneza

Sanda ya Kiislamu kwa mwanamume ni vipande vitatu, kwa mwanamke vitano, vya kitambaa cheupe cha kawaida kisicho cha gharama. Mwili huoshwa kwanza kwa idadi ya witiri, mara tatu, tano au saba ikihitajika, kuanzia upande wa kulia, kwa maji na majani ya mkunazi, na maji ya mwisho yakiwa na karafuumaiti. Mwanamume huoshwa na wanaume, mwanamke na wanawake. Mume na mke huweza kuoshana. Kosa la mara kwa mara ni kitambaa kifupi. Kila kipande kipite kichwa na miguu kwa shibiri moja au zaidi, la sivyo hakifungiki, na mwili unapobebwa miguu hujitokeza. Vifundo hufunguliwa mwili ukishalazwa kaburini.

Jeneza hupimwa na watu wengi kwa urefu peke yake. Pimeni na upana kwenye viwiko, mikono ikiwa juu ya tumbo, kwa kuwa hapo ndipo mwili wa binadamu ni mpana zaidi, si mabegani. Pimeni pia kimo cha tumbo na cha vidole vya miguu vikisimama. Ongezeni sentimita 5 hadi 8 kwa urefu. Kipimo kichukuliwe siku ya kuagiza na kirudiwe siku moja kabla, hasa kama mwili ulikuwa umevimba.

Mbao ngumu ni nzito. Mbao zilizobanwa kutokana na unga wa mbao ni nyepesi kwa bei, lakini zikilowa hufura na misumari hulegea. Za namna hiyo nyingi zina vishikio vya pambo vilivyobanwa kwa skrubu fupi. Vishikeni na mvivute kwa nguvu dukani. Kama vinacheza, jeneza libebwe mabegani au kwa mikono chini ya kitako, kamwe lisiinuliwe kwa vishikio. Mtu mzima pamoja na jeneza hufika kilo 100 hadi 130, kwa hiyo wabebaji sita wenye vimo vinavyokaribiana. Ndani, chini ya kitambaa cha pambo, kuwe na karatasi ya plastiki iliyopandishwa pembeni kote; pamba peke yake haizuii unyevu.

Jeneza la bei kubwa lenye mpira wa kuziba huuzwa kwa maneno kwamba "litamtunza". Halimtunzi. Mwili uliofungiwa bila hewa huharibika kwa njia nyingine, wala si nzuri zaidi. Nchini Marekani kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, iliyoanza kutumika 1984, inakataza muuzaji kudai kwamba jeneza huhifadhi mwili kwa muda mrefu au daima. Mkitaka jeneza zuri kwa heshima ya marehemu, hiyo ni sababu ya kutosha. Msilinunue kwa ahadi hiyo.

Shimo

Wachimbaji wanapoambiwa "mtu wa futi sita", huchimba kwa mtu wa futi sita. Kinachoshuka ni jeneza, tena na vishikio vyake. Wapeni kipimo cha nje cha jeneza, na shimo liongezwe sentimita 15 hadi 20 kila upande. Jeneza likikwama katikati mbele ya waombolezaji, huwa hakuna njia ya staha ya kulitoa.

Kwa kina, mita 1.5 hadi 2 hutosha mahali pengi, ilimradi chini pasitoe maji. Maji yakionekana, msizidi kuchimba. Fukieni kidogo au hamisheni. Udongo uliotolewa uwekwe mbali na ukingo kama nusu mita au zaidi, kwa kuwa uzito wake pamoja na watu waliosimama juu ndio huporomosha kuta. Kushusha, mikanda mitatu ya bapa ni bora kuliko kamba mbili za mviringo, ambazo huteleza na kukata viganja.

Mazishi ya sanda yana chaguo lake: mwanandani wa ubavuni, uliochongwa ukutani upande wa kibla, au wa katikati, uliochimbwa chini ya sakafu ya shimo. Wa ubavuni hufaa udongo mgumu. Kwenye mchanga huanguka, na hapo wa katikati ndio salama. Mwili hulazwa kwa ubavu wa kulia ukielekea kibla, kisha viunza, yaani mbao za kuziba mwanandani, hupangwa kuufunika ili udongo usiuguse. Viunza vikatwe kabla na vijaribiwe. Kimoja kikiwa kifupi, mtu atabaki ameinama shimoni akitafuta jiwe huku watu wakingoja.

Kuaga uso wazi au jeneza likiwa limefungwa

Amueni baada ya mtu mmoja wa familia, mwenye moyo mgumu kidogo, kuuona mwili saa chache kabla. Asitumwe mjane wala mtoto wa marehemu. Akirudi na kusema "ufungwe", neno lake lisibishwe, na picha kubwa iwekwe juu ya jeneza. Mkiaga wazi, foleni iende kwa upande mmoja na itoke kwa mwingine, na wafiwa wa karibu waage kwanza faraghani. Mtoto anayetaka kuona aelezwe kabla atakachokiona: amelala, ni baridi ukimgusa, hapumui. Asiyetaka asisukumwe. Simu zisielekezwe jenezani bila ruhusa ya familia. Picha moja ikishasambaa hairudi.

Kwa mgeni anayekuja kutoa pole, maneno machache hushinda mengi. "Poleni sana" na kukaa kimya kidogo panatosha. Usiulize "aliugua nini?" wala "aliacha nini?"

Mtoa huduma mmoja au kugawa kazi

Kifurushi kizima huwapunguzia usumbufu, na kwa familia isiyo na mtu wa kusimamia, ndicho kinachofaa. Lakini kifurushi huficha bei. Ombeni ankara yenye kila kitu peke yake, na mtazame kila kimoja kinatozwa kwa kipimo gani: jokofu kwa siku, dawa mara moja, gari kwa kilomita (kwenda tu, au na kurudi tupu?), jeneza kwa ukubwa na aina ya mbao, kaburi kwa miaka, wachimbaji kwa siku au kwa shimo. Vinavyozidi bajeti ni vile vinavyohesabiwa kwa siku. Kuahirisha mazishi kwa siku mbili hakuongezi jokofu tu. Huongeza chakula, viti, turubai na usafiri wa waliokwisha kufika.

Kugawa kazi huokoa fedha kama kuna watu wawili: mmoja anashika daftari la fedha, mwingine anapiga simu na kufuatilia. Asiwe mtu mmoja kwa yote mawili, na asiwe aliyefiwa na mzazi wake juzi.

Jiwe sasa au baadaye

Kujengea kaburi wiki ileile huwavutia wanaotoka mbali na wasiojua watarudi lini. Udongo uliofukiwa, hata ukishindiliwa, huendelea kushuka kwa miezi, na zaidi jeneza linapolegea chini yake. Jiwe lililowekwa mapema huinama, na zege jembamba hupasuka katikati. Acheni tuta la udongo, wekeni kibao cha mbao au chuma chenye jina na tarehe, na mngoje miezi 6 hadi 12, mvua zikiwa zimepita juu yake. Kama lazima mjenge sasa, mwagieni ukingo peke yake kuzunguka kaburi, misingi yake ikikaa kwenye udongo ambao haukuchimbwa, na katikati muache wazi. Kabla fundi hajachonga, jina na tarehe visomwe kwa sauti na watu wawili wakiwa na cheti cha kifo mkononi.